Wakili Aliyekula Firigisi Nyumba Mbili

Wanangu mlioanza uuguzi juzi, nasikia wagonjwa wenu wa ajali wanawauliza, "Sista, nichukue wakili gani?" nanyi mnakodoa macho kana kwamba mmeulizwa habari za mwezini. Basi sogeeni. Mimi si mwanasheria wala sijawahi kutamani kuwa. Nilifunga vidonda na kumwaga mikojo katika wodi ya upasuaji huku Busia hadi mgongo ukaniambia inatosha, na kilichobaki kizima ni mdomo. Lakini mtu aliyejenga kando ya mnada wa ng'ombe, hata kama hana ndama, mwishowe hujua kukagua meno.

Na wodi yetu ilikuwa mnada kweli. Miaka hiyo ya sabini malori yalilala foleni pale Malaba yakingoja kuvuka, na mpaka wenyewe ulikuwa na kisirani: leo umefunguliwa, kesho umefungwa, wakubwa wa pande zote mbili wamenuniana. Foleni ikirefuka, biashara hunoga. Walikuja wauza chapati, wauza ndizi, wabadilishaji pesa na wahubiri. Ajali nazo zilikuja. Mtu akigongwa asubuhi, daktari kabla hajanawa mikono, mawakala wa mawakili walikuwa mlangoni kwangu na ndizi mbivu. Ndizi zenyewe hazikuwa za kuliwa. Wakala akishindwa kumpata mgonjwa alirudi nazo, na kesho yake unaziona zileile, zimezidi weusi.

Kulikuwa na mmoja aliyejua kulia. Siwezi kumnyima sifa zake, alilia vizuri kuliko wafiwa. Siku moja aliingia mbio, akajitupa juu ya mgonjwa aliyejifunika shuka, akapaza sauti, "Ndugu yangu, ona vile lori imekumaliza." Yule mgonjwa, mzee wa Amukura aliyekuwa amepasuliwa ngiri, akatoa kichwa nje ya shuka.

"Lori gani?" akauliza.

Wakala akafuta machozi, akamtazama vizuri. "Pole mzee. Nilifikiri wewe ni ndugu yangu mwingine." Akahamia kitanda cha pili na kuendelea kulia kuanzia pale alipoachia.

Mwingine alikuja na Biblia, akatuomba tufumbe macho. Tukafumba. "Ee Bwana," akasema, "wewe unayeijua namba ya gari lililomgonga mja wako, na jina la mwenye gari, na kampuni iliyolikatia bima, mfungulie mja wako kinywa ayaseme." Nilifumbua jicho moja, nikaona ameshika kalamu.

Matroni wetu, mama mfupi ambaye hakuwahi kucheka mbele ya wagonjwa, ndiye aliyenifundisha dawa ya watu hao. Mtu akisema ni ndugu wa mgonjwa, Matroni hakubishana naye. Alimkaribisha kwa upole, akamwambia, "Umekuja wakati mzuri," kisha akamkabidhi beseni la choo ampelekee huyo ndugu yake. Ndugu wa kweli hukunja pua akalishika. Wakala hukumbuka ghafla kwamba baiskeli yake ameiacha nje bila kufuli. Wanangu, vyeo vyenu vya siku hizi ni vikubwa kuliko vyetu, lakini kipimo hicho bado sijaona mashine inayokipita.

La pili alilonifundisha ni la kidole gumba. Siku hizo mgonjwa wa mfupa tulimfunga kamba na puli, na mfuko wa mchanga wa mto Sio ukining'inia mwisho wa kitanda kuuvuta mguu. Maumivu yakizidi tulimchoma sindano, na akishachomwa hukubali kila kitu. Ukimwambia yeye ni chifu, anakubali. Ndipo mawakala walipokuja na karatasi na kidau cha wino, wakabonyeza vidole vya watu waliokuwa wakiota. Mgonjwa anaamka ana wakili asiyemjua, na wakati mwingine ana watatu. Matroni akaamua kwamba kila majeruhi akiingia afungwe bendeji kwenye vidole gumba vyote viwili. Daktari mgeni aliwahi kuuliza kwa nini watu waliovunjika miguu wote wameumia vidole gumba. "Tunazuia maambukizi, daktari," Matroni akamjibu, na daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma jambo hilo mahali.

Sasa niwaambie habari za Nabwire, maana nikisema wakili huchaguliwa hivi na vile bila Nabwire, nitakuwa ninahubiri tu.

Nabwire alikuwa mjane wa Kisamia aliyeuza chai na mandazi katika foleni ya Malaba. Duka lake lilikuwa miguu yake. Foleni ikisogea naye alisogea, birika mkononi, ndoo ya mandazi kichwani, na kwa miguu hiyo aliwalisha watoto wake na kuwasomesha. Siku moja lori lililosimama mbele yake lilirudi nyuma lenyewe, likaubana mguu wake wa kushoto kwenye bampa ya lori lililofuata. Daktari alijaribu, sikatai, lakini mguu ulikuwa umeshakufa, akaukata chini ya goti. Nabwire alipozinduka hakulia. Aliniita, akauliza jambo moja.

"Sista, sasa foleni nitaitembea na nini?"

Nilitoka nikalia nyuma ya jiko la hospitali, halafu nikarudi kupima joto.

Mwenye lori alikuwa tajiri mmoja wa Khunyangu. Kwa hiyo Nabwire angeshinda au angeshindwa, angekula au angeombaomba, kulingana na mtu ambaye angesimama kortini kumsemea. Na mtu huyo, kwa desturi, hakupaswa kuchaguliwa na yeye. Angechaguliwa na Wandera.

Wandera alikuwa kaka wa marehemu mume wa Nabwire, na katika ukoo wao ndiye aliyesimamia mambo ya mahari. Alikuwa na kofia ya kwendea mahari na fimbo ya kwendea mahari. Basi alipoambiwa watafute wakili, alifanya alichokijua: akaamua kwamba wakili atachaguliwa kama anavyochaguliwa mshenga. Ataalikwa nyumbani. Atachinjiwa jogoo. Wazee watamsikiliza anavyosema, watamtazama anavyokula, na akiwaridhisha atapewa firigisi.

Kwa nyinyi mliokulia kwenye kuku wa kukaangwa wasio na wenyewe, firigisi huku kwetu si nyama tu. Ni cheo. Huliwa na mwenye boma, au na mgeni mkubwa ambaye mwenye boma amemheshimu. Mama aliyemfuga kuku yule, akamkimbiza, akamnyonyoa na kumpika, fungu lake ni kuinusa. Mimi kwa kabila ni Mteso, na sisi tuna vituko vyetu, lakini hicho tunakifahamu.

Wakili wa kwanza kualikwa, wazee walimwita Ngurumo. Sauti yake ilifika kabla yake. Niliambiwa kwamba pale bomani alisimulia kesi alizoshinda hadi majogoo wa jirani wakanyamaza. Alikula ugali wake, akala wa mzee aliyekaa karibu naye, akapewa firigisi, akaitafuna huku akiwaahidi kwamba mwenye lori atauza lori. Wazee walirudi kwao wamelewa, na hapakuwa na pombe.

Siku iliyofuata alikuja wodini. Msicheke, hata mimi alinipendeza. Alikuwa na suti ya vipande vitatu na viatu vinavyolia. Alimshika Nabwire mkono, akamwita dada yangu.

"Dada yangu, niambie ilikuwa aje."

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya lori, boss," Nabwire akasema. "Nimekalia gogo yake."

Hapa lazima niwaeleze desturi ya foleni. Kila lori lilikuwa na gogo la kuweka nyuma ya tairi lisirudi nyuma. Kazi ya kuliweka ilikuwa ya tanboi, utingo wa lori, na jina lisiwadanganye, matanboi wengine walikuwa na ndevu na wajukuu. Lakini foleni ikilala, tanboi aliwapa akina mama gogo wakalie, nao wakampa chai. Lori likiwashwa, tanboi analichukua gogo lake, mama anabeba birika lake. Kila mtu Malaba aliona ni jambo la ustaarabu. Kwa hiyo siku ile kitu ambacho kingelizuia lori kilikuwa chini ya Nabwire.

Ngurumo akainama, akapunguza sauti hadi ikawa sawa na sauti ya mtu wa kawaida. "Hiyo gogo usitaje tena. Wewe ulikuwa unapita tu. Ulikuwa unaenda kanisa."

"Lakini ilikuwa Jumanne."

"Kuna makanisa ya Jumanne, dada yangu."

Wandera, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na fimbo yake ya mahari, akatikisa kichwa kwa furaha. Alipata wakili anayejua hata kalenda ya Mungu. Karatasi ikatolewa, na kidau cha wino. Nabwire akanyoosha mkono, na kidole gumba kilikuwa kimefungwa bendeji hadi kwenye kifundo.

"Maambukizi," Matroni akasema kutoka mlangoni. "Rudini wiki ijayo."

Ngurumo alimtazama, akamtazama tena, akaondoka na viatu vyake. Wanangu, wiki moja ni dawa. Mkisahau mengine yote, mwambieni mgonjwa asiweke kidole wala sahihi siku ile ile. Wakili mzuri wiki ijayo atakuwa bado mzuri. Mbaya hawezi kungoja, kwa sababu kuna kitanda kingine kinamwita.

Katikati ya wiki hiyo akaja shangazi yake Nabwire, mama aliyeolewa Khunyangu, na kikapu cha viazi vitamu. Alikaa, akasalimu wodi nzima kitanda kwa kitanda, akapewa maji. Wandera naye alikuwepo, anasifu wakili wake. Shangazi akasikiliza, akaweka kikombe chini.

"Huyo wenu ni mnene, ako na sauti kama ya posho mill, na viatu inalia?"

"Huyo huyo," Wandera akasema.

"Huyo alikuwa kwa mwenye lori Jumapili. Mimi ndiye niliitwa kusaidia kupika. Walichinja jogoo nyekundu, na yeye ndiye alipewa imondo, hiyo firigisi."

Nilikuwa ninabadilisha bendeji kitanda cha jirani, na nikaacha kuzungusha mkono. Nikajua sasa Wandera atavunja fimbo kwa hasira. Badala yake uso wake ulichangamka.

"Si unaona?" akasema. "Hiyo ni vizuri sana. Anajulikana pande zote mbili. Mshenga asiyekula pande zote mbili ataleta maelewano namna gani?"

Na msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa na akili timamu iliyokuwa imepanda gari lisilo lake. Mshenga kweli hula kote. Kazi yake ni kuwafanya watu wa nyumba mbili wawe shemeji, na akila upande mmoja tu ndoa itaharibika. Lakini Nabwire hakuwa anaolewa na mwenye lori. Nilitaka kulisema hilo, Matroni akanikanyaga mguu. Alikuwa na sheria yake ya tatu, kwamba muuguzi hamchagulii mgonjwa wakili. Hufukuza tu nzi ili mgonjwa aone chakula mwenyewe.

Nabwire alikula kiazi kimoja polepole, akatazama pale ambapo shuka lilikuwa tambarare.

Wa pili hakualikwa na mtu. Alikuwa amekuja kumwona mteja wake, dereva aliyevunjika nyonga, na tulikuwa tumewatoa wagonjwa barazani kuota jua. Mtu mwembamba, mweusi wa uso kwa kukosa usingizi, na chupa ya maziwa mkononi. Alikuwa anamgombeza mteja wake. Si kumgombeza kidogo. Dereva alikuwa amemdanganya kuhusu kasi, na yule wakili alimwambia mbele ya watu kwamba mtu anayemdanganya wakili wake ni sawa na anayemwonyesha daktari mguu mzima na kuuficha uliooza. Nabwire alisikiliza yote.

"Sista, niitie huyo mtu wa maziwa."

Wandera alipopata habari alikuja mbio, maana hakuna mtu aliyekuwa amemwonja huyu. Kwa adabu akamwalika kwanza nyumbani ale kuku.

"Sili," yule wakili akasema. "Niko na vidonda vya tumbo. Nakunywa maziwa tu." Na hapo akapata jina lake, Wakili Maziwa.

Wandera akanigeukia. "Mtu mzima anakunywa maziwa kama ndama. Huyu atapigana na nani?"

Maziwa alivuta kiti. Hakumshika Nabwire mkono, wala hakumwita dada. "Mama, wakati lori ilirudi nyuma ulikuwa umesimama ama umekaa?"

Nabwire akamtazama Wandera. Wandera akakohoa. "Alikuwa anapita. Alikuwa anaenda kanisa."

"Mzee, nimeuliza mama."

Hata yule dereva wa nyonga aliacha kulalamika.

"Nilikuwa nimekaa," Nabwire akasema.

"Umekalia nini?"

"Gogo ya hiyo lori."

Maziwa akafumba macho, akanywa funda moja. "Hiyo ni mbaya."

"Mbaya namna gani?"

"Korti inaweza kusema na wewe pia ulijiumiza. Inaweza kukupunguzia, ama ikunyime kabisa. Kesi itakaa sana, utachoka, na ukishinda bado mguu haitarudi."

"Na nikisema nilikuwa napita?"

"Nani mwingine anajua ulikalia gogo?"

Nabwire akafikiri. "Foleni yote."

"Basi foleni yote itaitwa kusema. Afadhali hakimu asikie kwa mdomo yako kwanza. Ukisema wewe, ni desturi. Wakisema wao, ni uongo yako imeshikwa."

Kisha akamweleza atachukua fungu gani kesi ikiisha na gharama gani atalipa hata wakishindwa, kabla hajaulizwa, na akasema kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia. Wandera akagonga fimbo sakafuni. "Wakili gani anamletea mgonjwa matanga? Ukoo ilishachagua."

"Mulamwa," Nabwire akasema, kwa heshima kama mtu anavyomwita shemeji yake, "ukoo ilikula kuku. Mguu ilikatwa ni yangu."

Halafu akaninyooshea mkono. "Sista, nifungue kidole."

Nilimtazama Matroni. Matroni alitazama bendeji ile kwa muda, kama daktari bingwa. "Maambukizi yameisha," akasema.

Nimefungua bendeji nyingi maishani. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Kidole kilitoka cheupe, kimekunjamana kwa kukaa gizani, na Nabwire akakitia wino mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama Maziwa alivyosema, yaani polepole na kwa kuchosha. Nabwire alitoka hospitali kwa magongo. Watoto wake wakubwa waliuza mandazi asubuhi kabla ya shule. Tarehe ilitolewa ikaahirishwa, ikatolewa tena, hakimu akahamishwa. Wandera alipita wodini mara kwa mara kuniambia kwamba Ngurumo angekuwa ameshamaliza. Kuna siku nilimwamini. Maziwa naye nilimwona mara nyingi Malaba, amekaa kwenye foleni kati ya akina mama na chupa yake, anaandamana na birika kutoka lori hadi lori akiwauliza wanakalia nini. Walimdhania kichaa, wakamhurumia, wakampa maziwa ya bure.

Siku ya kesi nilikuwa na mapumziko, nikamsindikiza Nabwire. Tulipoingia kortini tukasikia viatu vinalia. Ngurumo alikuwa amesimama upande wa mwenye lori.

Wandera, aliyekuja na kofia yake ya mahari, alimtazama kama bwana harusi aliyemkuta mshenga amevaa suti ya harusi. Nadhani hapo ndipo firigisi ile ilipomkwama kooni, ingawa haikuliwa na yeye. Wahenga walisema mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Walisahau kututajia mtu aliyekula kuku wawili na hakuna mguu uliomwelekea.

Ngurumo alinyanyuka kumhoji Nabwire, akaweka mikono ndani ya koti. Alikuwa anajua habari ya gogo. Nabwire alikuwa amemwambia mwenyewe, pale kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ngurumo. Sasa alikuwa anangoja kanisa la Jumanne, amnase.

"Mama," akanguruma, "ieleze korti. Saa ile ya ajali ulikuwa unaenda wapi?"

"Sikuwa naenda mahali," Nabwire akasema. "Nilikuwa nimekalia gogo ya lori yenu."

Ngurumo alikuwa amepanga maswali kumi ya kumfikisha hapo, na mama amefika kabla yake na kukaa. Akatazama karatasi zake. Akauliza kama ana uhakika. Nabwire akasema ana uhakika, lilikuwa na msumari. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, na Ngurumo akaketi. Ni kweli, ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, lakini sikujua hupasuka kimya hivyo.

Maziwa alileta akina mama watatu wa foleni, kila mmoja akaeleza gogo analokalia kana kwamba anaeleza kiti chake cha sebuleni. Kisha akamgeukia dereva wa lori lililombana Nabwire.

"Gogo kazi yake ni nini?"

"Kuzuia lori."

"Nani aliitoa kwa tairi akapatia mama?"

"Tanboi."

"Tanboi ni wa nani?"

Dereva akamtazama mwenye lori, mwenye lori akamtazama Ngurumo, Ngurumo akatazama viatu vyake. Maziwa alikaa akashika tumbo lake, maana lilikuwa linamuuma.

Hakimu alisema kwamba mtu mzima anayekaa nyuma ya lori amejitakia sehemu ya taabu yake, na kwa hilo akampunguzia Nabwire. Lakini sehemu kubwa ya lawama akaitwika lori na mwenye lori. Tulipotoka nje Nabwire aliniegemea, akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alilia sana. Nilimwambia tushinde basi kwa machozi machache, akasema si ya kesi, ni ya mguu, alikuwa hajapata nafasi.

Alinunua mguu wa bandia, akajenga hoteli ya mabati kando ya barabara ya Malaba, mbali na bampa za watu. Miguu yake haikuweza tena kuifuata foleni, kwa hiyo foleni ikamfuata yeye. Na hoteli ilipofunguliwa alichinja jogoo, akatualika: wazee wa ukoo, mimi, Matroni, na Maziwa.

Wanangu, muuguzi huona watu uchi, na bado sijaona wazee waliokuwa uchi kama wale siku ile wakiwa wamevaa vizuri. Kila mmoja alikuwa anaiwaza firigisi. Kwa haki ingekuwa ya wakili, lakini wakili alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha maziwa, amekwisha sema hawezi. Basi ingerudi kwa mkubwa wa ukoo. Wandera alinawa mikono mara mbili, akaweka kofia sawa, akakaa wima.

Nabwire alileta sahani mwenyewe, anatembea kwa mguu wake mpya, tok, tok, kwenye sakafu ya udongo. Aliiweka mezani. Akaketi, jambo ambalo tayari liliwafanya wazee waangaliane. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua firigisi kwa kidole gumba kile kile, akaiuma.

Matroni, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aligeuka akatazama ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Mulamwa," Wandera akasema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto, "hiyo ni ya mwenye boma."

Nabwire alitafuna hadi akamaliza. Firigisi haiharakishwi.

"Ndiyo," akasema. "Na mwenye boma hapa ni nani?"

Wandera akatazama mabati, akatazama meza, akautazama ule mguu. Halafu akaomba apitishiwe mchuzi.